Mhariri Anataka Picha Yangu Nikipeana Mkono na Mimi

Mheshimiwa Mshauri,

Natanguliza heshima, na nyuma ya heshima inafuata aibu. Mimi ni mhitimu wa kompyuta, nami nimeunda mfumo endeshi wenye kiini kidogo, yaani kiini chenyewe hupeleka ujumbe tu, na kila kazi nyingine, ya skrini, ya sauti, ya kuchapisha, ina programu yake pembeni, ili moja ikianguka nyingine zibaki zimesimama, na kwa kuwa hakuna jarida la kompyuta lililonijali, niliandika uhakiki wa kuusifu kwa jina la kubuni, nikamwita mvumbuzi wake “adimu kama maziwa ya kuku”, ukachapwa ukurasa wa kati wa gazeti moja, mhariri wake akampenda mhakiki, akamwajiri kwa majaribio, yaani mimi, na kazi yangu ya kwanza ni kumhoji mvumbuzi, yaani mimi, Ijumaa hii, pamoja na picha.

“Simameni mpeane mikono,” mhariri amesema. “Wewe utabasamu, yeye awe na sura ya mtu anayefikiri.”

Shemeji yangu, mchomeleaji wa mageti, amejitolea kuwa mvumbuzi na ameshaazima suti, ila jana nilipomuuliza kwa nini kiini kiwe kidogo, alijibu, “Shemeji, kikubwa si kitakula umeme?” Isitoshe, herufi moja huchukua dakika nne kufika kwenye skrini, maana kila programu inasubiri jibu la mwenzake. Je, nimfundishe zaidi, au niugue Ijumaa?

Wako mtiifu,
Mwenye Kiini

*

Mwenye Kiini,

Pole, na ukome! Ukiugua, mhariri atakuja kukujulia hali na mpiga picha wake. Umebuni mfumo ambao kila kazi ina mwenyewe, kisha ukajifanya mvumbuzi, mhakiki, mwajiriwa na mhojiwa. Ukianguka wewe, nani atabaki amesimama?

Suti irudi ilikotoka leo. Shemeji yako arudi kwenye mageti. Kati yenu wote, ndiye pekee mwenye kazi inayofunguka na kufungika.

Kesho asubuhi ingia kwa mhariri, ufunge mlango, useme: “Mhakiki ni mimi, mvumbuzi ni mimi, na sifa zile nilizitia chumvi.” Usianze na “kwa mujibu wa”. Weka kompyuta mezani, bonyeza herufi moja, mngoje pamoja. Katika dakika nne hizo ataamua kucheka au kukufukuza. Akicheka, omba kurasa mbili ueleze kinachouchelewesha mfumo wako, kwa jina ulilopewa na wazazi. Akikufukuza, nenda, ila atoke mlangoni mtu mmoja, si wanne.