Kwa Dada Mwajuma, Niliyeacha Kumsomea Ubao

Dada yangu Mwajuma,

Sauti ya chaki bado iko masikioni mwangu. Ni chaki ya yule mwalimu wetu wa jiografia, aliyekuwa akijaza ubao mzima bila kutamka neno, halafu anageuka na kusema, "Kama mnavyoona." Darasa zima tuliinama kunakili. Wewe ulikaa wima, mikono juu ya dawati, ukiisikiliza chaki mpaka ikome.

Nilikuwa nakusomea kwa kunong'ona. Tuliingia chuo mwaka mmoja, ingawa wewe ndiwe mkubwa, kwa kuwa surua ilikuchukulia macho utotoni na shule zikachelewa kukupokea. Siku moja mwalimu alisimamisha chaki. "Nyie wawili wa Salale, huko kwenu mikokoni hamkufundishwa kunyamaza?"

"Tulifundishwa, mwalimu," ukajibu. "Ila kwetu anayenyamaziwa ni samaki."

Darasa likacheka, na wewe ukacheka nalo. Mimi niliona haya. Tangu siku ile nikawa nakusomea mara mojamoja, kisha nikaacha kabisa. Nilikwambia maandishi ya ubaoni ni madogo mno. "Haya, mdogo wangu," ukasema, wala hukuniuliza tena.

Kwenye mtihani wa ramani ulirudisha karatasi tupu. Kesho yake nilikukuta chumbani mwetu umeketi kitandani, mfuko umefungwa. "Nimekuja kukuaga," ukasema, kana kwamba mimi ndiye mwenye chumba na wewe mgeni. Nilikusindikiza hadi ulipopanda mashua ya kurudi kwa shangazi. Hukunilaumu. Afadhali ungenilaumu.

Barua zangu tatu hukuzijibu. Najua zilisomwa na watu wengine, ndiyo maana ndani yake sikuandika chochote cha maana. Hii nimeitoboa mwenyewe kwa nukta nundu, uisome kwa vidole vyako. Ukikuta makosa, ni ya mwanafunzi mgeni.

Sasa mwenye chaki ni mimi, chuoni palepale. Mwaka huu nimempata mwanachuo asiyeona, Asha, mtoto wa huko Mbwara. Wiki ya tatu nilichora Mto Rufiji ubaoni nikasema, "Unatoka huku, unakuja kugawanyika hapa."

"Hapa wapi, mwalimu?" akauliza.

Hakuwa na kejeli. Mimi nikarudia "hapa", nikaendelea na somo. Ijumaa yake akaja mlangoni kwangu, akaamkia, akaanza kutafuta maneno ya kuaga. Nilimkatiza. Nilimwomba anipe siku nne.

Siku hizo nne nilikuwa na Bibi kichwani. Unakumbuka alivyotufundisha kusuka ukili wa mkeka? Hakusema tazama. Aliweka mikono yake juu ya yetu, akataja kila mwaa wa ukindu unakopita: huu juu, huu chini, vuta. Wako ulinyooka, wangu ukapinda, akanigeukia mimi: "Fumba macho, mke mwenzangu. Yanakuharakisha." Wote wawili alitufundisha namna moja, na wote tulijua kusuka.

Basi nikachukua maboksi ya sabuni, ambayo tangu biashara iwe huria yamezagaa madukani Bungu, nikatandaza gundi. Uzi wa katani ukawa mto, pumba za mpunga zikawa mashamba, mchanga ukawa ufukwe. Nilitengeneza ramani kumi, si moja ya Asha. Wanachuo wote walifumba macho wakaupapasa mto hadi delta. Mmoja mwenye macho mazima aliniambia ndiyo kwanza ameelewa kwa nini maji yakifurika yanakwenda yanakokwenda. Asha hakuaga tena.

Halafu nilikwenda kwa wakufunzi wenzangu. Niliwaomba wayatamke wanayoyaandika, waache kusema "hapa" na "pale", na watoe muhtasari wiki moja kabla ili Asha apate muda wa kuutoboa. "Mwalimu, somo zima tulipindue kwa ajili ya mtu mmoja?" mmoja akauliza. Nikawasimulia habari zako. Nilisimulia na sehemu yangu, ile ya kuona haya. Hakuna aliyecheka. Watatu wameshaanza, yule aliyeuliza bado anafikiri.

Nimekukumbuka, dada. Kila ninapoandaa somo nakuona umekaa wima dawati la mbele, na kila swali ninalolitunga nalipima kwako: Mwajuma angelifikia? Laiti ningekuwa na wewe hapa unijibu mwenyewe.

Alhamisi niliomba jalada lako. Ndani wameandika kuwa uliacha kwa kushindwa kufuata masomo. Nimemwandikia mkuu wa chuo barua, nikaeleza kwamba masomo hayo hayakuwahi kukufikia, kwamba nilikuwa nakusomea, nikaacha, na kwa nini niliacha. Nimeomba nafasi yako iwe wazi. Kurudi au kutorudi ni juu yako. Nimetia jina langu kamili. Karani ameigonga muhuri mbele yangu na kuiweka jaladani mwako, juu ya ile karatasi ya zamani.

Mdogo wako, anayekudai jibu hata la ukali