Bangili za Mwaija

Lulu shoga yangu, mdomo umeniponza leo. Nimeharibu, tena vibaya.

Mwaija wa pale kiwandani, yule wa mashine ya kukamua mananasi, kaingia zamu na bangili zake za dhahabu. Namwambia vua, mashine ikizidaka inaondoka na mkono. Hataki. Mimi na mizaha yangu, mbele ya watu wote: "Vua mama, jifanye uko eda!"

Eda, Lulu! Kumbe mumewe kalazwa Dar, hajitambui. Wallahi sikujua!

Kanikazia macho. "Bangili anavuliwa mjane. Wewe mume wangu unamtakia kifo?"

Nikasema jamani, utani tu. Wee! Wenzake wakanirukia. "Hata watani wa msibani husubiri mtu afe kwanza!" Mwingine akadakia, "Mchawi huyo, kavalishwa kofia ngumu akaitwa afisa usalama."

Mchawi, Lulu! Mimi!

Mwaija kavua aproni, kanitupia miguuni, kaondoka. Meneja anataka kumfukuza. Nimembembeleza mpaka kakubali: Mwaija akae meza ya kubandika lebo, huko hakuna mashine, bangili abaki nazo. Ila kesho asipotokea, nafasi anapewa mwingine.

Sasa niko kibarazani kwake. Nimepiga hodi, redio ndani ikazimwa. Nimemwambia yote hapo mlangoni. Nikamaliza, "Mwaija mdogo wangu, nitukane utakavyo, lakini kesho njoo kazini. Sema basi kama utakuja."

Komeo tu ndilo nimelisikia, anaongeza la pili.