Penseli Isiyolia

Jumanne, 8 Julai 2025

Nimeaibika leo. Miyuji, juu mlimani, upepo unarusha vumbi machoni, na Madam Evodia kasimama na miwani yake ya jua kama anakagua gwaride. Anataka mchoro wa haraka wa kiwanja. Kwa mkono. Umesimama. Bila meza. Eti kompyuta haipandi mlima.

Penseli yangu ya mbao ikavunjika. Nikachonga. Ikavunjika tena. Nachonga, maganda yananiingia mdomoni, natema kama mbuzi. Wilbert pembeni anabonyeza penseli yake ya chuma — tak, tak — anachora huku anapiga mluzi. Kichwa kama kiazi, lakini mkono mwepesi, hilo siwezi kumnyima. Madam aliichukua karatasi yangu, akaiangalia, akanirudishia bila neno. Afadhali angenitukana!

Tuko kwenye majaribio wote wawili hapa ofisini Makole, Dodoma, na nafasi ni moja. Mwisho wa mwezi mmoja anabaki kuwa mchoraji wa Madam, mwingine anarudi kwao. Mimi kwetu sirudi. Wilbert kwao ni hapa hapa mjini, mtaa wa Kikuyu, nyumba ya ukuta na geti. Akirudi atakuta wali mezani.

Kesho natafuta penseli ya kubonyeza.

Jumatano, 9 Julai

Nimeenda Jamatini mchana. Nikamwambia binti wa dukani naomba risasi za penseli, zile nene kidogo. Akaniangalia juu mpaka chini. Risasi? Dada, hapa stationery, si kituo cha polisi. Akacheka peke yake. Meno yote nje, na yote yanagombea nafasi ya mbele. Nilitamani kumchora.

Ninachotaka si kikubwa. Penseli fupi, iingie mfuko wa jinzi bila kutokeza. Mdomo wake uwe unarudi ndani. Na risasi isiyokatika ovyo, maana mkono wangu ni wa jembe, unakaza. Nimepata ya plastiki, ya waridi, ina picha ya paka. Ya watoto wa shule kabisa. Risasi zake nyembamba kama unywele, na ndizo pekee zilizokuwepo. Basi.

Alhamisi, 10 Julai

Paka hafai. Nikikandamiza kidogo, risasi inakatika na kuruka. Ikabidi niwe nabonyeza kila dakika, tak-tak-tak, ofisi nzima inasikia.

Wilbert akainua kidole. "Sikieni, sikieni! Penseli ya Emiliana inaongea Kisandawe!" Akapindisha mdomo, akagonga ulimi, akatoa macho. Madam akatabasamu. Sijawahi kumwona akitabasamu tangu nimeanza kazi hapa.

Nikacheka. Nilicheka kuliko wote. Nikasema ngojeni niiulize kama leo imeshakula asali, kama Wasandawe wote. Wakavunjika mbavu! Madam alishika meza.

Mama yangu Msandawe. Baba Msandawe. Mimi nimeota ndoto zangu zote kwa Kisandawe mpaka nilipopelekwa bweni. Siku ya kwanza hapa waliponiuliza kwetu nikasema upande wa Kondoa, wakasema ahaa, Mrangi, nikanyamaza. Basi nimekuwa Mrangi. Kirangi najua salamu tu, na nayo nakosea.

Wilbert anasema ni utani. Utani na nani? Mtani unamtania, naye anakutania, mpaka msibani mnataniana. Nani aliyempa huyu utani na Wasandawe? Nimempa mimi. Leo. Na asali nikamwongezea.

Jumamosi, 12 Julai

Nimenunua ya chuma kwa kijana anayemaliza chuo. Nzuri kwa macho. Nzito, imekaa sawa mkononi, risasi nene, mstari unatoka mweusi unaoeleweka. Nikajiona mtu.

Shida yake ni mdomo. Mdomo ni sindano, haurudi ndani. Leo Miyuji nimeinama kupanda jiwe, ikanichoma paja. Damu kwenye jinzi! Wilbert akapiga kelele: Mrangi wetu amepigwa risasi! Akajiona mjanja sana. Na ndefu, inatokeza mfukoni. Na inalia — inalia kuliko paka! Chuma kwa chuma. Kila nikibonyeza, Wilbert anagonga ulimi, na mimi mgongo unasisimka kama mtoto aliyeitwa na mama yake mbele ya wageni.

Tuliporudi ofisini, alipokwenda kunywa chai nilifungua penseli yake. Nikatoa risasi zote. Nikafunga vizuri, nikairudisha kwenye begi lake na kile kimfuko chake cha risasi za akiba nikakitia kwenye pipa la taka. Sijisikii vibaya. Najichunguza, natafuta kama najisikia vibaya. Hapana.

Jumanne, 15 Julai

Ha! Jana Wilbert alishinda kwenye kompyuta, leo mteja kasimama pale, Madam kasema Wilbert, mchoree mzee aone mlango utakaa wapi. Wilbert akabonyeza. Akabonyeza. Akaitikisa. Akaifungua, akachungulia ndani kwa jicho moja. Akapekua begi mpaka soksi ikatoka. Madam akamwambia kwa upole, ule upole wake wa kukata nyama: hata fundi viatu huja na sindano yake. Shingo ya Wilbert ikazama mabegani. Nilimpa penseli yangu ya paka, mbele ya mteja. Akaipokea! Akachora kwa paka! Nimefurahi mpaka chakula cha mchana kimenishinda.

Jioni nikapita barabara ya Nane, duka la vifaa vya ofisi. Baba mwenye duka ana videvu vitatu vimepangana kama maandazi. Akanitolea penseli moja inang'aa, akaibonyeza karibu na sikio langu nisikie inavyolia vizuri. Nikamwambia sitaki inayolia.

"Penseli gani hailii, dada?"

Nikasema nitafutie. Akapekua, akanung'unika, akaleta kiboksi cha chini kabisa. Nikaiona. Fupi kama kidole. Nene kidogo, inajaa mkononi. Haibonyezwi — unaizungusha kiuno, risasi inatoka kimya. Unazungusha kinyume, mdomo wote unaingia ndani, hakuna cha kuchoma paja. Risasi nene. Nikaijaribu kwa kumchora yeye nyuma ya risiti, videvu vyote. Akaisogeza ile risiti kwenye taa. Akauliza kama ndivyo alivyo. Nikamwambia ndivyo ulivyo, baba. Hakucheka. Akanifungia kwenye mfuko bila kusema karibu tena.

Ijumaa, 18 Julai

Ndiyo hii. Nimechora wiki nzima nimesimama, natembea, naongea, hata ndani ya bajaji. Haikatiki. Haichomi. Haisemi kitu. Madam ameweka mchoro wangu wa Miyuji mezani kwake, juu ya wa Wilbert.

Lakini! Kuna kazi mpya. Kampuni moja ya asali inataka kujenga kituo cha kukusanyia. Wapi? Chemba, upande wa Kwa Mtoro, kwa Wasandawe wenyewe. Tunaenda wote, na Madam amesema waziwazi: mchoro wa huko ndio utakaoamua nani anabaki.

Wilbert akasema tusihofu lugha, penseli yake itatutafsiria. Tak, tak. Madam akanigeukia: Emiliana, wewe si wa huko juu, unakijua Kisandawe?

Nikasema hapana, Madam. Nani anakiweza kile.

Kijiji chenyewe ni cha pili kutoka kwetu.

Jumapili, 20 Julai

Mama amepiga simu. Mtu wa kampuni alipita huko, kwa hiyo wanajua kuna wageni wa ujenzi wanakuja kutoka Dodoma. Akauliza kama ni ofisi yangu. Nikasema ofisi ziko nyingi. Akauliza kama nikija upande huo nitapita. Nikasema gari si langu, mama. Akasema atanipikia mlenda, akae nao tayari, huenda. Nikamwambia mtandao mbovu. Nikakata.

Jumatano, 23 Julai

Nimepakia. Kofia, mtandio wa kufunga uso kwa ajili ya vumbi, penseli, risasi za akiba.

Alhamisi, 24 Julai

Naandika ndani ya gari. Gari la kukodi, la zamani, linanuka mbuzi. Madam na Wilbert wako kule kwenye kivuli na mtendaji wa kijiji, wanakunywa maji. Mimi nimesema kichwa kinaniuma. Kweli kinauma.

Tulifika asubuhi. Leo ni siku ya mnada kijiji cha jirani, kwa hiyo watu wote wazima wamekwenda na mifugo yao. Nikamshukuru Mungu. Kabaki mtendaji tu, Ebenezer, mgeni kabisa, kahamishiwa hapa juzijuzi, salamu ya hapa yenyewe hajaishika. Kiwanja ni uwanda mtupu, majani makavu, vichuguu. Mkutano wa kijiji umeshakubali. Vigingi vya kupigilia viko nyuma ya gari, jioni vinaingia ardhini.

Nikafunga mtandio mpaka macho. Nikaanza kuchora.

Akatokea bibi. Mdogo, mkavu, ana fimbo na hasira. Nikasema shikamoo kwa Kiswahili cha Dodoma, kilichopigwa pasi. Hakuitika. Akaenda moja kwa moja mpaka Wilbert alipoweka begi lake, akaligonga kwa fimbo. Akaanza kusema. Kwa Kisandawe, haraka, na hakumeza hata neno moja.

Alisema hivi. Sisi wenye kofia tumelelewa na nani. Hapa palikuwa nyumba yake kabla ya kuhama. Watoto wake wawili wa kwanza wako hapa chini, waliondoka wachanga, mmoja pale, mmoja chini ya hilo begi. Hakuna jiwe kwa sababu hakuna aliyehitaji jiwe, yeye anapajua. Mkutano ulifanyika yeye akiwa mgonjwa. Ondoeni begi juu ya mwanangu.

Nilielewa kila kitu. Nilielewa mpaka yale matusi, na yalikuwa mazuri.

Wilbert akamsogelea, akapindisha mdomo, akamjibu kwa kugonga ulimi. Usoni kwake! Bibi akamtazama kwa makini, akauliza huyu kijana ana ugonjwa gani. Nikakaribia kucheka. Ebenezer akasema Kiswahili anakijua huyo, akitaka tu. Leo hakutaka.

Madam akaniuliza. "Emiliana, wewe una sikio. Anataka nini?"

Bibi alikuwa amenyoosha kiganja, anaonyesha ardhi. Nikakitazama kile kiganja.

"Nadhani anaomba tumbaku, Madam."

Yametoka hivyo. Bila kujikwaa. Madam akamtuma Ebenezer kwenye kibanda, akaja na kipande cha tumbaku, akamwekea bibi kiganjani. Bibi akaitazama. Akaitupa. Akaketi chini, katikati kabisa ya mahali litakapokaa ghala la asali, akanyoosha miguu.

Sasa Madam anataka mchoro. Nikamwonyesha, bibi yumo, kaketi vile. Akasema mtoe, weka mti, mteja anapenda mti. Nikafuta. Nikaweka mti. Umekaa vizuri kuliko miti yote niliyowahi kuchora, una kivuli na kila kitu. Miguu ya bibi ilibaki kidogo kwenye karatasi, nikaifanya mizizi.

Madam akaushika mchoro kwa mikono miwili. Akampa Wilbert autazame. Akaniambia, Jumatatu njoo na vyeti vyako, tuandikishane. Hivyo tu! Wilbert akaangalia viatu vyake. Nafasi ni yangu. Nililingoja neno hili tangu mwezi wa tano, na limekuja, na mimi nasikia kiu tu.

Ndiyo nikafungua mtandio ninywe maji. Sekunde chache. Bibi akainua kichwa. Kila mtu husema nimechukua uso wa mama mzimamzima, ningejua ningekufa na kiu.

Nikaja kwenye gari. Sasa bibi ameanza kunyanyuka. Ananyanyuka kwa shida, anashika fimbo, anashika hewa.

Anakuja huku. Wilbert yuko nyuma yake, anamwigiza anavyotembea.

Amefika dirishani. Haongei kwa hasira sasa. Ameniuliza mama hajambo. Amemtaja mama kwa jina, lile la nyumbani, ambalo hata kwenye kitambulisho chake halipo. Anasema alimpokea mikononi siku anazaliwa. Anasema, mwanangu, hawa hawasikii, waambie wewe, utajua kuwaambia.

Siandiki ili nikumbuke. Naandika nisimtazame.

Wilbert ameacha kuigiza. Anatuangalia, huyu halafu huyu. Anamwita Madam. Madam anakuja, ameshavua miwani, anauliza kwa sauti kama huyu mtu ananijua.

Bibi ameshika ukingo wa dirisha. Nazungusha mpini wa dirisha kwa mkono wa kushoto, kioo kinapanda. Kioo kimefika nusu, vidole vyake bado viko pale juu.