Mbao yenye mikono

Nicole, uko? Dada, nimefanya kitu mubaya sana hapa Mweso, ku kilio ya baba mukwe, Papa Védaste.

Mvula ilikuta sanduku ya maiti yake iko inje, chini ya ile tente ya kukunja. Maji ikajaa juu ya kitambaa, ikashuka kama tumbo, juu kabisa ya sanduku. Bwana yangu akanipigia makelele: "Uwizeye, inua! Tafuta muti!"

Nikabeba mbao moja yenye walisimamisha ku ukuta, imefungwa mu kitenge. Nikainua nayo kitambaa. Hata nikafurahi, juu ilikuwa na mikono, haiwezi kutoboa!

Mikono, Nicole. MIKONO. Na sikuelewa kitu!

Kitenge ikaanguka. Wimbo ikakatika. Watu wote wakaangalia juu: jina ya muzee, imeandikwa na rangi nyeupe.

Ilikuwa musalaba ya kaburi. Ile padiri alibariki asubuhi.

Na unamujua muzee. Hata akiwa mugonjwa, tulikuwa tunamuita apande kutengeneza mabati yetu.

Mama mukwe akaniangalia. Hakulia. Akasema tu polepole: "Hata leo munamutumikisha."

Munamutumikisha! Mbele ya famili yote!

Sasa tunaenda kuzika. Musalaba njo inapashwa kutangulia, lakini ingali inashikilia tente, na hakuna muntu anataka kuigusa.

Nimejificha nyuma ya jikoni.

Nasikia mama mukwe ananiita: "Uwizeye, kuya umupumuzishe muzee."