Picha Iliyokuwa kwenye Faili la Kabula

Jumatatu, 3 Machi

Pini. Kutwa nzima pini. Nafungua faili, nalaza karatasi kifudifudi, navuta pini kwa nyuma, natupia kwenye kopo. Picha ikidondoka naitia kwenye kiroba. Karatasi napeleka kwa Neema, anapitisha kwenye mashine, inaingia kwenye mfumo. Neema katoka Dar, mtoto mdogo tu, lakini anaamkia vizuri. Kasema pini moja ikiingia, mashine inakufa. "Na ikifa, mzee Shija, tunaenda kulima wote."

Zamani nilibeba marobota ya tumbaku ghalani hapahapa. Mgongo ukakataa. Sasa nabeba makaratasi ya ushirika.

Kasema nina mkono mwepesi. Nimefurahi. Ujinga.

Jumanne, 4 Machi

Mvua.

Mafaili ya wanawake waliokuwa wanachambua majani bado. Nayasubiri. La Kabula wangu limo. Lina picha yake, aliyopigwa siku anaandikishwa. Mimi picha ya mke wangu sina. Zote zilikuwa kwenye simu, simu ikaibwa stendi ya Nzega tukitoka kumzika. Mwaka umepita. Sura inaanza kunitoka. Sauti naikumbuka. Kitenge nakikumbuka. Pua siioni vizuri tena. Naogopa.

Nikilifikia faili lake naichukua. Neema kasema picha za zamani hazihitajiki, walio kazini watapigwa mpya. Wasiokuwepo hakuwataja.

Mchana viroba vitatu vimejaa. Kasema vilivyoingia kwenye mfumo vichomwe. Nimechoma kwenye tanuri la bani la zamani, kule walikokaushia tumbaku. Karatasi na picha, vyote. Moshi mwingi. Macho yanauma mpaka sasa.

Jumatano, 5 Machi

Pini. Ugali na mlenda. Kulala.

Alhamisi, 6 Machi

Imebaki rafu moja. Rafu ya wanawake sijaiona.

Nimemwuliza mzee Kulwa, karani wa masjala. Kakaa na mafaili hayo tangu nywele zake nyeusi. Kacheka kwanza. "Shija, miaka yote hii hujui? Mimi sipangi kwa kazi. Sipangi kwa jina. Napanga kila mtu na kwao." Wanaume na wanawake pamoja, kila mtu kwenye rafu ya kwao. Halafu akaacha kucheka. Kabula kwao Igunga. Igunga ni rafu ya dirishani. Ndiyo niliyoanza nayo Jumatatu.

Pini yake nimeivuta mimi. Karatasi imelala kifudifudi, sikugeuza, sikusoma jina. Nilikuwa naonyesha mkono mwepesi.

Jumanne nimemchoma.

Nimekwenda kwenye tanuri. Majivu, na mvua imeingia. Nimechakura kwa fimbo, halafu kwa mikono. Hakuna kitu. Sikula.

Ijumaa, 7 Machi

Kulwa kasema nisikate tamaa, kama mfumo una kila kitu basi na Kabula yumo. Huenda picha yake haikudondoka. Huenda ilipita kwenye mashine na karatasi.

Nimemwomba Neema anifungulie. Kasema faili la mtumishi halifunguliwi hivihivi, mpaka meneja atoe ruhusa, na maombi yanapitia kwenye mfumo. Nikamwambia mimi kibarua, sina akaunti, naombaje?

Maofisa wa Nzega wanaweza kulifungua. Igunga wanaweza. Wakitaka, wote kwa wakati mmoja. Mimi niliyelibeba kwa mikono siwezi.

Kulwa kapiga meza. "Kwenye masjala yangu angekuwa ameshaliona na chai ameshakunywa!"

Neema kageukia kompyuta. Ameniombea kwa jina lake. Kanionyesha kwenye kompyuta: imepelekwa, haijasomwa.

Jumamosi, 8 Machi

Haijasomwa.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani. Wameimba, mimi nimefungua mdomo tu. Jirani kaniuliza naumwa. Nimesema mgongo.

Jumatatu, 10 Machi

Umeme hakuna mpaka saa nane. Kulwa kakaa mlangoni anamtania Neema. "Mfumo wako leo umelala na njaa?" Neema kacheka kidogo. Mimi sikuweza.

Umeme umerudi. Jibu limekuja. Ruhusa, ukurasa mmoja, kuangalia tu.

Neema kafungua. Nimevaa miwani ya Kulwa. Jina lake. Igunga. Siku ya kuanza kazi. Juu, kwenye kona, kile kisanduku cha picha. Kitupu. Matundu mawili ya pini na doa la kutu, basi.

Neema kakiona kabla yangu. Kasema, "Pole, baba." Siku zote ananiita mzee.

Nilitaka kuondoka. Kulwa kanishika mkono, kanionyesha chini. Kabula hakujua kuandika. Kaweka dole gumba. Katikati ya alama kuna mstari mweupe, umekatiza toka upande mmoja mpaka mwingine. Kovu. Alijikata na kisu cha kukatia kamba za tumbaku mwaka tuliooana, nikamfunga mimi kwa kipande cha shuka.

Hilo kovu nililisahau kabisa.

Neema kageuka kutazama mlango, katazama tena kompyuta. Kachapa. Kakunja karatasi, kanipa.

Jumanne, 11 Machi

Kazi ya mafaili imekwisha. Chumba cha masjala kitupu, ukikohoa panaitika. Kulwa kakaa kwenye kiti chake, rafu hazina kitu. Kesho kaambiwa asije.

Neema kanituma nikamwage kopo la pini. Nimemwaga. Moja nimebaki nayo, yenye kutu. Si lazima iwe yake.

Karatasi iko ukutani, juu ya kitanda, upande wake. Nimeibana na hiyo pini.

Mvua imeacha.