Rulema Mbili na Sikio la Kushoto

Bel-Air, Lubumbashi

Dada yangu Mwajuma,

Salamu zikufikie wewe kwanza kabla ya mtu yeyote hapo Ujiji, maana zikianza kwa mwingine najua utauliza kwa nini. Goti linasemaje? Na mama, kifua kimepoa? Mimi huku ni mzima, ingawa sehemu moja ndogo ilinisumbua, nayo ndiyo imefanya niandike badala ya kupiga simu.

Ulikasirika, nimesikia. Ulimwambia shemeji kwamba Lubumbashi imenitia kiburi, nakufokea kama mtu anayegombana na mwizi, na ukiuliza hili nakujibu lile. Si kiburi, dada. Sikio la kushoto lilikuwa limeziba, na simu mimi huishika kushoto.

Kazi yangu ya kutengeneza mashine za kusaga unaijua kwa kusikia, hujaiona. Mota ikianza kulalamika, fundi hafungui kwanza. Anachukua nondo, ncha moja anaiweka kwenye beringi, nyingine anaibana kwenye mfupa ulio mbele ya sikio, anafumba macho kama shehe na kusikiliza. Beringi, huku wanaiita rulema, ikiwa nzima inavuma, ikifa inakwaruza. Mimi husikiliza kwa kushoto ili mkono wa kulia ubaki na spana. Nimejipatia jina kwa hilo, na nisikufiche, nilikuwa nalifurahia.

Basi asubuhi moja nimetoka kuoga, sikio likafunga, pu, kama duka la Ujiji Ijumaa saa ya swala. Nikatikisa kichwa, nikarukaruka kwa mguu mmoja. Wapi! Sauti yangu mwenyewe ikawa inanirudia kichwani kama niko ndani ya pipa.

Nikamkumbuka baba, nikaogopa. Unakumbuka alivyokuwa mwishoni, baada ya kufanya kazi miaka yote kwenye chumba cha injini za meli: tunamwita, anatabasamu tu, tunamwacha. Nikasema, haya, zamu yangu imefika. Na fundi asiyesikia nani atamwita? Ingebidi nirudi nyumbani kukusaidia kuanika dagaa, na kwa usimamizi wako ninavyoujua, heri uziwi.

Sikumwambia mtu. Nikajitibu. Nilianza na shule yako, unyoya wa kuku. Ulipokuwa ukitulaza pajani ilikuwa raha, lakini kujifanyia mwenyewe mbele ya kioo nilikohoa tu. Nikahamia kifuniko cha kalamu. Nta kidogo inatoka, nafurahi, kumbe nyingi naishindilia ndani kama mahindi guniani. Jirani yangu Papa Ilunga, mstaafu anayejua dawa ya kila kitu isipokuwa ya mafua yake, akanishauri mawese. Nikamimina kijiko kizima. Nilifika kazini mstari mwekundu umeshuka toka sikioni hadi kwenye kola, na wanawake waliopanga foleni na mabeseni yao ya mahindi wakapiga kelele: "Yesu! Fundi iko anatoka damu!"

Nikawaambia ni mboga ya jana.

Hapo ni kwa Mama Kabwe, mjane anayesomesha watoto kwa mashine ile moja. Aliniita kwa jambo dogo, mkanda umelegea. Lakini mimi na sifa zangu, nikaweka nondo. Dada, nilichosikia! Mota ilinguruma kichwani kama lori linalopanda mlima. Nikasema, "Mama, rulema imekufa." Nikaitoa, nikatia mpya, na foleni yote ikarudi nyumbani na mahindi yake. Kesho yake nikawasha, nikaweka nondo. Ngurumo ile ile. Nikasema hii nayo ni ya bandia, nikaitoa, nikatia nyingine. Ngurumo ile ile. Nikazima, nikaanza kuitazama shafti kwa jicho baya. Mara nikaguswa bega.

"Fundi, nakuita toka kitambo! Unanizarau juu ya nini?"

"Samahani, Mama. Kelele za mashine."

"Mashine gani? Si weye mwenyewe umeizima?"

Akazunguka upande wa kulia, akanong'ona, "Na sasa?" Nikamwambia nasikia. Akarudi kushoto; midomo ikacheza, sikupata hata neno. Akanitazama kama anavyotazama mahindi yaliyoingia wadudu.

"Washa. Sikiliza na sikio ingine."

Nikahamisha nondo kulia. Mota ilikuwa inavuma kwa upole kama paka aliyeshiba. Nikashusha nondo chini na macho nayo chini.

"Mota iko muzima," akasema. "Mugonjwa ni weye. Na miye nilishaanza kutafuta muntu wa kununua hii mashine, juu ulisema inakufa kila siku!"

Akanipeleka zahanati mwenyewe, kanishika mkono kama mtoto. Nesi, binti mcheshi, akachungulia kwa taa. "Papa, uliingiza nini humu?" Nikataja. Nilipofika kwenye mawese akaweka taa chini, akacheka kwanza.

"Sikio inajisafisha yenyewe, papa. Nta inatembea pole pole kuja inje. Ni weye ulikuwa unairudisha ndani."

Akaniambia sikio lililoziba huikuza sauti inayopita kwenye mfupa; ziba lako kwa kidole kisha uimbe, utaona. Akauliza kama nimewahi kutoka usaha, au kama linauma, au kama ngoma ya sikio iliwahi kutoboka. Nilipokana yote, akasema nidondoshe matone machache ya mafuta safi, vuguvugu tu, asubuhi na jioni kwa siku kadhaa, nisichokonoe kwa kitu chochote, kisha nirudi. Likiuma au likitoa uchafu, niache mafuta nije mara moja.

Niliporudi akaliosha kwa bomba na maji ya vuguvugu. Kikatoka kitonge: nta, mawese, na unga wa mashine zote nilizowahi kufungua.

"Papa, hii ni bukari," akasema. Bukari ndio ugali wao. "Inakosa tu samaki."

Nilicheka, lakini swali lilikuwa bado kooni. Nikamweleza habari za baba. Akaacha utani, akasimama nyuma yangu, akawa ananong'ona neno upande huu na neno upande ule, nami narudia. Niliyapata yote. Akasema uziwi haupo, lakini kelele za mashine kila siku zitayala masikio yote mawili taratibu kama sitayafunika.

Nikaenda kwa Mama Kabwe na zile rulema mbili, nikamwambia zote ni nzima, nilizitoa bure. Akazizungusha kwa kidole. "Basi niko na mashine, na niko na akiba," akasema, akaigeukia foleni: "Banamama, huyu sasa ni Fundi Bukari!" Nilidhani ndiyo mwisho wangu hapa Bel-Air. Kumbe wananiita kuliko zamani, kila mmoja anataka kuliona hilo sikio.

Siku hiyo alipowasha mashine nilitoka nje mbio. Sikujua ina kelele namna ile. Sasa navaa vifuniko vya masikio vya wachimba madini, nafanana na chura. Baba hakuwa na kifuniko. Alisimama ndani ya kelele kubwa kuliko hizo ili sisi tule, na sisi tulimwacha na tabasamu lake kwa sababu kurudia kumwita kulikuwa kunatuchosha.

Wajukuu zako waache na masikio yao, kuku nao wabaki na manyoya yao. Nisalimie shemeji, ambaye hakuna anayemsikiliza hata tukiwa wazima. Msalimie Bi Tatu, mke wa marehemu kaka yetu, na mwanawe aliyeanza ualimu. Mama msalimie ukiwa umesimama mbele yake, aone midomo yako. Akikujibu kwa tabasamu tu, mwite tena.

Mdogo wako anayekusikia,
Ramadhani