Tangi la Pickup ya Babu

Mwende mjukuu wangu,

Natumaini Mombasa haijakuchosha. Huku Mutomo tupo, ila mvua imetupita tena na mbuzi tumeuza karibu wote.

Unauliza kwa nini nabadilisha tangi la mafuta la pickup, na babu yako ameshatuacha. Nilipokuwa ndiyo kwanza nimeolewa, lilivuja tukipeleka mbuzi sokoni. Babu yako akachukua kipande cha sabuni ya kufulia, akakilainisha, akaziba ufa. Tukafika. Kila wiki alipaka tena, na watu wa soko wakatucheka kwamba gari letu lanukia kuliko sisi. Halikutuacha njiani hata siku moja.

Juzi fundi alilishusha. Akasema sabuni haisaidii tena, kutu imelila kutoka ndani kwa kukaa bila mafuta. Kumbe si barabara iliyolimaliza, ni kusimama.

Jana alifunga jipya, nikamwambia awashe. Pickup ilinguruma vile vile kama zamani. Nikasimama pale nikijiuliza inibebee nini, inipeleke kwa nani. Nikamwambia azime.

Ni mimi nyanya yako,
Susu wako